Jeraha Lisigeuke Donda: Mwongozo kwa Wakaao Nakuru na Kandokando Yake

Lugha yetu haikuridhika na neno moja la kuitia ngozi iliyopasuka. Jeraha ni pale panga au mwiba ulipopita hivi sasa na damu ingali mbichi. Kidonda ni jeraha lililokaa likakataa kufunga. Donda ni kidonda kilichopanuka na kuchimba. Na donda ndugu ni lile baya lisilosikia dawa, ambalo mtu huishi nalo kama aishivyo na jamaa wa nyumba moja. Ijapokuwa sisi wa bara, na hasa sisi wa Nakuru ambao Kiswahili chetu kimepita katika vinywa vya makabila mengi, huyachanganya majina haya tukayaita yote kidonda, mpango wa wazee una faida kwa msomaji wa maneno haya, kwa sababu unaonyesha bayana kwamba uozo wa jeraha ni safari yenye vituo, na kwamba aijuaye njia anaweza kuikatiza katika kituo cha kwanza kwa maji na sabuni, katika cha pili kwa tabibu wa zahanati, na katika cha tatu, kwa taabu na gharama nyingi, katika wodi ya hospitali.

Majeraha ya nchi hii yana tabia yake. Mkulima wa viazi wa Molo au Mau Narok hujikata mguu kwa jembe lenye udongo. Fundi wa mbao wa Elburgon hukanyaga msumari uliosahauliwa katika ubao. Mchuma waridi wa Naivasha hurudi nyumbani na miiba midogo iliyovunjikia vidoleni, ambayo hata haihesabu kuwa ni jeraha. Na mwendesha bodaboda aangukaye katika barabara kuu huacha ngozi ya goti juu ya lami akachukua kokoto mahali pake. Watu hawa hawajuani, lakini wote wana adui mmoja, naye ni udongo wenye samadi. Kwa vizazi vingi bonde hili lilikanyagwa na mifugo ya Wamaasai, na tangu Lord Delamere alipofanya makao Njoro mwanzoni mwa karne ya 20 akaleta ng'ombe na kondoo wa kigeni, mifugo haikupungua. Na matumbo ya wanyama, farasi na ng'ombe miongoni mwao, ndimo kikaamo kijidudu cha pepopunda, ambacho kikitoka nje hujivika ganda gumu, kikalala udongoni miaka mingi bila ya kufa kwa jua wala kwa baridi, kikingojea mahali pasipo hewa. Tundu la msumari ni mahali kama hapo. Jambo hili lilidhihirika katika vita vya mwaka 1914, pale askari waliojeruhiwa katika mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa, yaliyokuwa yamerutubishwa kwa samadi vizazi na vizazi, walipoanza kukakamaa taya na kufa, hata madaktari wa jeshi la Kiingereza wakaamrisha kwamba kila aliyejeruhiwa apigwe sindano ya kinga, na maradhi hayo yakapungua sana katika muda mfupi. Shamba la Subukia au Bahati halitofautiani na mashamba yale.

Basi jeraha likitokea, fanya mambo mawili kwa utaratibu. La kwanza ni damu. Chukua kitambaa safi, na leso iliyofuliwa ikapigwa pasi yatosha, ukandamize juu ya jeraha kwa kiganja, uinue kiungo kile kupita usawa wa moyo, na ungoje dakika 10 kwa saa bila ya kuchungulia, maana achunguliaye kila mara huubandua ule utando wa damu unaojaribu kuganda. Damu ikiruka kwa mapigo kama maji ya bomba bovu, endelea kukandamiza na utafute gari.

La pili ni maji, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikawia, kwa kuwa katika yote nitakayoyasema hakuna lenye nguvu kuliko hili, wala hakuna linalodharauliwa zaidi. Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni. Kisha lioshe jeraha, si kwa kulipangusa kwa pamba iliyoloweshwa, jambo ambalo huusogeza uchafu tu kutoka pembe moja hadi nyingine, bali kwa kulimiminia maji mengi, lita nzima kwa jeraha dogo, lita mbili au tatu kwa lililoingia udongo; na ukitoboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano, ukaibinya chupa ile, utapata mchirizi wenye nguvu ya kutosha kung'oa mchanga uliojichimbia. Kokoto na nyuzi za nguo zisizotoka kwa maji zitoe kwa kibanio kilichochemshwa, hata kama mgonjwa analalamika, kwa sababu chembe moja ya changarawe ikibaki ndani huwa ngome ya vijidudu. Ngozi ya kandokando ioshe kwa sabuni. Maji safi ya bomba yanatosha: watafiti wamelinganisha majeraha yaliyooshwa kwa maji ya bomba yanayofaa kunywewa na yale yaliyooshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, wala hawakuona kwamba ya kwanza yaliharibika zaidi.

Asiye na maji ya kutumainiwa na achemshe, na katika kuchemsha liko neno ambalo mtu wa Mombasa hana haja nalo. Kadiri nchi inavyoinuka ndivyo maji yanavyotokota kabla hayajapata moto wake kamili. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya bahari, na maji yake hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na huko Molo, karibu na mita 2,500, hushuka zaidi. Vijidudu vya kawaida hufa kwa joto hilo, ila vinahitaji muda, na kwa hiyo mtu wa nyanda za juu aache sufuria itokote dakika 3 kamili, kisha aifunike ipoe kwa kifuniko chake. Ukitaka maji ya chumvi, tia kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji hayo. Watu huuliza pia juu ya floridi, ile madini ya visima vyetu inayowatia watoto rangi ya kahawia menoni, kama haitadhuru jeraha. Kuchemsha hakuiondoi, lakini jeraha halina meno, na maji ya kisima yakiwa safi yaoshe bila ya hofu.

Ama vitu vya kupaka, nitasema kwa ukali kidogo. Mafuta ya taa, majivu, tumbaku, majani ya chai, kinyesi cha ng'ombe, na ule unga wa kapsuli ya rangi mbili ambao watu huufungua na kuunyunyiza kana kwamba ni chumvi ya mchuzi, vyote havina kazi katika jeraha ila kuliziba, kulichoma au kulitia uchafu mpya. Hata spiriti, ambayo kwa kuwa inauma watu wengi huiamini, isimiminwe ndani: inaua nyama hai pamoja na vijidudu. Alexander Fleming, kabla ya ile penisilini aliyoigundua mwaka 1928, alikuwa daktari wa jeshi huko Boulogne katika vita vya kwanza, na alionyesha huko kwamba dawa kali zilizomiminwa katika majeraha yenye mapango ziliziua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mgonjwa mwenyewe, zikaviacha vijidudu vilivyojificha katika pembe zisizofikiwa. Maumivu ya dawa si ithibati ya uwezo wake.

Asali inastahili neno lake peke yake, kwa kuwa tunaishi chini ya msitu wa Mau, na Waogiek wa msitu huo wameijua asali kabla ya hospitali yoyote kujengwa. Asali huvuta maji kutoka katika vijidudu hata vikanyauka, na ikichanganyika na unyevu wa jeraha hutoa kidogo kidogo dawa ya kuua vijidudu. Hayo ni kweli, na hospitali za Ulaya hutumia asali katika vidonda sugu. Lakini asali yao imesafishwa kwa miale, ilhali ya mzinga yaweza kubeba mbegu za vijidudu vya jamaa ile ile ya pepopunda. Rai yangu ni kwamba kwa mchubuko wa juu juu, uliokwisha kuoshwa vizuri, mahali palipo mbali na zahanati, asali safi ni bora mara nyingi kuliko mafuta ya taa. Lakini katika tundu refu usiitie, wala usiifanye badala ya maji.

Jeraha likishaoshwa, lifunike. Wengi wamelelewa kwa imani kwamba jeraha liachwe lipigwe na hewa likauke, na mimi pia nililelewa hivyo. Lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa kuwachunguza nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya upesi karibu mara mbili kuliko lililoachwa likafanya kigaga. Fauka ya hayo, huu ni mji ambao wengi husema kwamba jina lake limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na mwenye kuliacha jeraha wazi katika upepo wa Januari analiwekea vumbi hilo meza. Paka mafuta mepesi ya kujipaka ya kopo jipya, weka shashi au kitambaa kilichochemshwa kikaanikwa juani na kupigwa pasi, funga bila ya kubana, na ubadilishe kila siku, au mapema zaidi kikilowa au kuchafuka. Kitambaa kikigandamana usikivute. Kiloweshe kwa maji ya chumvi mpaka kiachie chenyewe, kwa sababu kinachobanduka pamoja nacho ni ngozi changa uliyoingojea siku nzima.

Jeraha lenye midomo iliyoachana, au linaloonyesha mafuta ya chini ya ngozi, au lililoacha kidole kisichokunjika au kisichohisi, si la kutibiwa nyumbani. Lipelekwe likashonwe siku hiyo hiyo, ikiwezekana kabla ya saa 6 hadi 8 kupita. Na tabibu akilitazama jeraha la jembe lenye udongo akasema hatalishona leo, bali uoshwe, ufungwe, urudi baada ya siku nne au tano, usidhani kwamba amekupuuza. Kushona jeraha chafu ni kufunga mlango mwizi angali ndani.

Sasa tumefika siku ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kadhi wa jeraha. Siku mbili za mwanzo jeraha lolote huvimba kidogo, huwa na joto, huuma, na hutoa maji meupe au ya manjano mepesi, na hayo yote ni kazi ya mwili unaojijenga, wala si maradhi. Ifikapo siku ya tatu mizani inapaswa kugeuka, uvimbe uanze kushuka na maumivu yapungue. Ikiwa badala yake maumivu yanapanda, na hasa yakianza kupiga kama ngoma kwa mapigo ya moyo na kumnyima mgonjwa usingizi, hukumu imekwisha kutoka, hata kama kwa macho huoni kitu.

Na kuhusu macho nina neno. Mrumi Celsus, aliyeandika takriban miaka 2,000 iliyopita, alizitaja dalili nne za mwili uliowashwa na maradhi, nazo ni wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Vitabu vya tiba vimemnakili tangu hapo, na wekundu ungali umewekwa mbele. Lakini Celsus aliwatazama Warumi. Katika ngozi yetu wekundu huo aghalabu hauonekani, au huonekana umechelewa, na mama aliyeambiwa angalie kama mguu wa mtoto umekuwa mwekundu atautazama jioni kwa mwanga wa tochi ya simu, asione wekundu wowote, akalala kwa amani. Tafuta badala yake rangi iliyokoza kupita ya kandokando, zambarau au weusi unaong'aa kama ganda la biringani. Tafuta ngozi iliyovutika hata mikunjo yake midogo imepotea. Na utazame mchana, dirishani, ukilinganisha mguu wa kuume na wa kushoto. Zaidi ya yote tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja chako, ambao unajua joto kuliko viganja vya ndani vilivyosuguliwa na kazi, kwanza mahali pazima na halafu kandokando ya jeraha, na ubonyeze polepole kwa kidole: palipo pagumu kama ubao, au panapouma mbali na ukingo wa jeraha, ndipo maradhi yalipofika. Kisha chukua kalamu ya wino, uuzungushie mpaka wa ule ugumu na joto mstari juu ya ngozi, uandike saa pembeni yake. Asubuhi hutahitaji kubishana na mtu kama umeenea au haukuenea. Na tabibu utakayemwendea atakushukuru, kwa sababu mstari huo utamweleza mambo ambayo mgonjwa mwenye homa hawezi kuyaeleza.

Iko dalili nyingine ambayo wenye Kiswahili waliipa jina zamani, nayo ni mtoki. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikitembea karibu na ziwa, katika ile migunga ya manjano, mwiba ukapenya soli ya kandambili ukaingia unyayoni. Niliung'oa, nikatema mate, nikaendelea na safari kwa ujuba wa ujana. Siku ya nne niliamka na uvimbe wenye maumivu katika kinena, ilhali unyayo wenyewe ulikuwa umefunga mdomo na kuonekana mzima. Jirani yetu, mama mtu mzima asiyesoma kitabu chochote cha tiba, hakuutazama unyayo, aliniuliza tu, "Mwanangu, una mtoki?" na nilipokubali akaamuru nipelekwe zahanati kabla ya chai. Alikuwa na haki. Tezi za kinena ni vituo vya ulinzi wa mguu, kama za kwapa zilivyo za mkono, na zikivimba huwa zinasema kwamba adui amekwisha kupita lango la kwanza. Mtoki pamoja na mstari unaopanda kutoka jerahani kuelekea mwilini, uwe mwekundu, uwe mweusi, au uwe unahisiwa tu kwa kidole kama uzi wenye maumivu, ni shauri la siku hiyo hiyo. Wachuma waridi nao wajue hadithi yao tofauti: mwiba wa waridi waweza kutia kuvu chini ya ngozi, na baada ya wiki kadhaa, si siku, vivimbe visivyouma sana vikajipanga mkononi kama shanga kuelekea kiwiko. Dawa za kawaida za vijidudu haziviponyi, na mgonjwa asipomtajia tabibu waridi, tabibu anaweza asikumbuke kuuliza.

Usaha ukionekana, kanuni ni ya zamani na haijabadilika: usaha uliofungiwa hauponi kwa vidonge, bali kwa kutolewa. Jipu dogo lililoiva likapasuka lenyewe lioshwe na kufunikwa; lisilopasuka lisibinywe nyumbani, na la usoni, kati ya pua na midomo, lisiguswe kabisa, maana damu ya mahali hapo ina njia ya kuelekea ubongoni. Nawasihi pia wasomaji waache ile desturi ya kwenda kwa kemisti na shilingi chache kununua vidonge vinne vya kuua vijidudu kwa sababu ndivyo pesa zilivyotosha. Vidonge vinne huua vijidudu dhaifu, vikaviacha vyenye nguvu vikizaa. Jeraha likarudi baada ya wiki, na safari hii dawa ile ile haisikii. Jeraha dogo lililooshwa vizuri lisilo na dalili nilizozitaja halihitaji vidonge hivyo hata kimoja, na jeraha lililooza linahitaji dozi kamili iliyopimwa na anayejua.

Zipo ishara ambazo zikitokea usingoje kupambazuke. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi ingawa mwili unaungua, akipumua upesi kama aliyetoka mbioni, moyo ukienda mbio, akichanganyikiwa maneno au akilala usingizi usioamshika vizuri, mkojo ukipungua, hizo ni dalili kwamba sumu imeingia katika damu. Vivyo hivyo maumivu makali yasiyolingana na udogo wa jeraha, ngozi inayogeuka nyeusi au kutoa malengelenge ya damu, au mahali panapobonyezwa pakalia chini ya kidole kama karatasi kavu, kwa sababu ya hewa iliyozalishwa na vijidudu ndani ya nyama: huo ni uozo unaokwenda kwa saa, wala si kwa siku, na tiba yake ni kisu cha daktari. Kwa mtu wa Nakuru maana yake ni hospitali kuu, ile ambayo wengi wetu tungali tukiiita PGH licha ya majina yake kubadilika. Na kwa mtu wa mbali maana yake ni kituo cha karibu kabisa, aanzishiwe dawa ya mshipa huku gari likitafutwa.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiifuate hesabu yangu ya siku tatu peke yake. Mshono wake unaweza kuonekana mwema akiwa hospitalini, ukaharibika wiki ya pili akiwa nyumbani, na autazame hivyo kwa mwezi mzima.

Kwa habari ya kuumwa na mnyama, kungoja hakuruhusiwi hata kidogo. Awe mbwa, paka, bweha, au hata punda wa mkokoteni, ambaye akishikwa na kichaa huuma bila ya kuchokozwa, osha mahali pale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, muda ambao ni mrefu kuliko mtu anavyodhani mpaka autazame mshale wa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu, na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili humwua karibu kila mtu. Chanjo ikianza mapema na kumalizwa, karibu kila mtu huokoka. Serikali ya Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa kikomo cha vifo hivi. Na kwa kuwa tunazungumza juu ya meno, aliyepigana akapasua konzi kwa jino la mwenzake asione haya kumweleza tabibu ukweli, maana kinywa cha binadamu ni kichafu, na kiungo cha kidole kiko karibu sana na ngozi.

Moto nao una sheria zake. Wakazi wa huku hawajasahau tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka Sachangwan, karibu na Molo, na watu waliokwenda kuchota mafuta wakashikwa na moto, zaidi ya 100 wakafa. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, akiokoka siku za mwanzo, hupambana na uozo, kwa sababu ngozi, ambayo ndiyo ukuta wa mji, imebomoka. Hata moto mdogo wa jikoni ufuate kanuni hiyo: maji baridi ya kutiririka kwa dakika 20, si barafu, halafu kitambaa safi. Yai, unga na dawa ya meno viachwe jikoni na bafuni. Malengelenge yasitobolewe, maana ngozi ile iliyoinuka ndiyo bendeji bora kuliko zote. Na mtoto mdogo, au aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri, apelekwe hospitali hata kama eneo ni dogo.

Mwenye kisukari ana shida ya namna nyingine, kwamba anaweza asihisi maumivu, na kwa hiyo kadhi wa siku ya tatu kwake ni bubu. Katika baridi ya Julai mtu huota moto miguu yake kwenye jiko la makaa, akaungua unyayo bila ya habari. Mtu huyo atazame nyayo zake kila usiku, katikati ya vidole pia, kwa kioo kidogo au kwa jicho la mjukuu, akung'ute viatu kabla ya kuvivaa, na jeraha lolote la mguu, hata lisilouma, na hasa lisilouma, alipeleke zahanati.

Narudi kwenye pepopunda, ambayo ndiyo tuliyoanza nayo. Huanza kati ya siku ya 3 na ya 21 baada ya jeraha, mara nyingi jeraha lenyewe likiwa limekwisha kusahauliwa: taya hukaza, shingo hukakamaa, tumbo huwa gumu kama ubao, na kelele au mwanga humtia mgonjwa mishtuko. Aliyepona maradhi haya hapati kinga kwayo. Kinga hutokana na chanjo peke yake. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, akina mama huchanjwa katika ujauzito, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeiondoa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Anayebaki nje ya ngome hiyo ni mwanamume mzima, mwenye jembe, msumeno na pikipiki, ambaye sindano yake ya mwisho aliipata akiwa mgongoni mwa mama yake. Jeraha safi lataka sindano mpya ikiwa imepita miaka 10 tangu ya mwisho. Jeraha lenye udongo, samadi au kutu, ikiwa imepita miaka 5. Basi bwana, utakapokwenda zahanati kwa jambo lolote, uliza sindano hiyo. Na kama huikumbuki tarehe ya ile ya mwisho, ihesabu kuwa imekwisha muda wake.